Somo: Kuchagua nguo za mvua kwa wanaokwenda kazini kwa baiskeli, Malindi

Hamjambo wanachama. Masika yameingia, na tangu wiki iliyopita nimeulizwa swali lile lile kibandani mara nyingi: ninunue koti gani la mvua? Nimeona bora niandike mara moja ili kila mtu asome.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Msabaha, kibanda changu kiko mjini Malindi, na naenda na kurudi kwa baiskeli. Kwa hiyo nayasema haya nikiwa mshonaji, na nikiwa mtu aliyelowa sana barabara ile.

Nianze na jambo ambalo likieleweka, mengine yote hunyooka. Hapa pwani mwendesha baiskeli hasumbuliwi na mvua peke yake, husumbuliwa na jasho. Mvua yetu ni ya uvuguvugu. Ukijifungia ndani ya plastiki nzito ukakanyaga kutoka Gede hadi sokoni, utafika shati limelowa chapachapa ingawa tone la mvua halikukugusa. Basi unaposhika koti dukani usiulize tu kama linazuia maji. Uliza joto lako litatokea wapi.

Hatua ya 1: Liache koti la bodaboda

Lile koti na suruali ya plastiki nzito wanayovaa vijana wa bodaboda ni zuri kwao. Wao wamekaa, injini ndiyo inayofanya kazi, na upepo wa mwendo unawapoza. Wewe miguu yako ndiyo injini. Nimeona watu wakilivua njiani na kulifunga kwenye keria, wakaendelea na mvua kichwani. Pesa imetoka, faida hakuna.

Hatua ya 2: Poncho au koti?

Kwa safari fupi za mjini, kutoka Muyeye au Shela hadi sokoni, nasema poncho bila kusita, yaani lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, unaloliingiza kichwani. Liko wazi chini, hewa inaingia na kutoka. Chagua lililokatwa kwa ajili ya baiskeli: upande wa mbele ni mrefu, unafunika usukani na mikono yako, na ndani yake kuna vitanzi vya kuingiza vidole gumba ili lisipeperuke. Kiunoni liwe na kamba ya kulibana upande wa nyuma. Ukikosa lenye vitanzi, niletee la kawaida au mpelekee fundi yeyote wa mtaani kwako, ni kazi ya dakika chache: vipande viwili vya lastiki pana, vishonwe kwenye pindo la mbele.

Kasoro ya poncho ni upepo. Masika huja pamoja na Kusi, upepo wa kutoka kusini, na anayetoka mjini kuelekea Msabaha, Gede au Watamu anaupokea kifuani. Poncho linageuka tanga. Mimi asubuhi nasukumwa, jioni nazuiwa, na siku za upepo mkali naliacha poncho navaa koti jepesi. Kama njia yako ni ndefu na ya wazi, kama ile ya kuvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, nunua koti.

Jambo moja la usalama lisipuuzwe: pindo la nyuma la poncho lisifike kwenye spoki. Kaa kwenye kiti, mwenzako akuangalie kwa nyuma. Likining'inia karibu na gurudumu, likatwe na kupindwa upya.

Hatua ya 3: Kitambaa na mishono

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Kuna vitambaa vya aina tatu hivi. Kuna plastiki ya PVC, nzito na ya bei rahisi, haipitishi maji wala hewa. Kuna nailoni au poliesta iliyopakwa utando upande wa ndani. Hii ni nyepesi na inakunjika. Kuna na ile yenye utando maalumu unaopitisha mvuke, kama Gore-Tex, ambayo huku kwetu huipata zaidi kwenye mitumba.

Hiyo ya tatu inasifiwa sana, na ni kweli ni kitambaa bora. Lakini fahamuni inavyofanya kazi. Mvuke wa jasho hutoka nje pale tu ndani panapokuwa na mvuke na joto zaidi ya nje. Kwenye nchi za baridi tofauti hiyo ni kubwa. Malindi mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi katika mwaka, hewa ya nje imeshajaa unyevu na joto lipo. Mvuke wako hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo matundu ya hewa yana maana kuliko jina la kitambaa: zipu za kwapani, mgongo uliokatwa ukawekwa wavu chini ya kipande cha juu, mikono mipana. Koti la bei ndogo lenye matundu hayo litakufaa kuliko la fahari lisilo nayo.

Ukiona lebo imeandikwa 5,000 au 10,000, hizo ni milimita: urefu wa nguzo ya maji ambao kitambaa kinaustahimili kabla ya kuanza kupenyeza. Kwa mwendo wa saa moja, 5,000 inanitosha. Angalieni zaidi mabegani kama mnabeba mkoba wa mgongoni, maana mkanda unaposukuma kitambaa ndipo maji yanapoingia.

Sasa mishono. Kila sindano inapopita inaacha tundu. Koti likishonwa vizuri, mishono yake hufunikwa kwa ndani na utepe uliogandishwa kwa moto. Ligeuze ndani nje, fuata mshono wa bega na wa kwapa kwa kidole. Hakuna utepe? Maji yataingia, hata kitambaa kiwe na namba gani. Utepe upo lakini unabanduka? Dai punguzo, au liache. Kisha sugua upande wa ndani kwa kidole gumba: ukinata, au ukitoa maganda kama ya kitunguu, utando umekufa. Joto na unyevu wa kabatini ndivyo vinavyouua. Niliwahi kuuziwa koti la namna hiyo likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake, kwenye duka ambalo sitalitaja. Nilifika nyumbani Msabaha na maganda meupe shingoni. Likunjueni kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Lijaribu ukiwa umekaa kama uko kwenye baiskeli

Usilijaribu ukiwa umesimama wima. Inama, nyoosha mikono mbele. Mikono ya koti ifike vifundoni, mgongo ufunike hadi chini ya kiti. Halafu vaa kofia ya koti na ugeuke kutazama nyuma ya bega. Kama jicho limeishia kwenye kitambaa, hutaiona matatu inayokuja. Kofia nzuri hubanwa kwa kamba ikageuka pamoja na kichwa. Ukivaa kapelo yenye ukingo chini yake, maji hayakuingii machoni.

Rangi: njano, chungwa, kijani cha kung'aa. Mvua ya alfajiri na koti jeusi ni hatari kubwa. Kama unalo jeusi, shona ukanda unaorudisha mwanga mgongoni na mikononi.

Hatua ya 5: Miguu

Gambuti nimezivaa nikaziacha. Maji hushuka kwenye suruali yakajaa ndani, unakanyaga pedeli ukiwa umebeba ndoo mbili. Vaa sendo za plastiki zenye mkanda wa nyuma, beba viatu vikavu. Kandambili zinateleza kwenye pedeli, ziacheni.

Hatua ya 6: Mzigo, na madigadi

Mwili hukauka. Nguo za kazi, vitabu na simu havisamehe. Mwaka mmoja nilibeba kanzu tatu za harusi nimezifunga kwa leso mpya nyekundu, juu yake nikaweka turubai dogo. Maji yalipanda kutoka chini, kwenye gurudumu. Leso ikachuja rangi. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa yangu, nikakesha nazo, na bwana harusi alizipata asubuhi yake. Tangu siku hiyo nabeba kazi za watu ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, nimeiosha vizuri na kuifunga kwenye keria kwa mipira. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwa kweli ndoo ni bora.

Kisa hicho ndicho kilichonifunza kuhusu madigadi pia. Maji mengi ya barabarani hayatoki mbinguni, yanarushwa na tairi zako mwenyewe, na matope mekundu juu. Kabla hujanunua koti, hakikisha baiskeli ina madigadi mbele na nyuma. Chini ya la mbele ning'iniza kipande cha tyubu kuukuu hadi karibu na ardhi. Miguu yako itashukuru.

Hatua ya 7: Utunzaji

Suuza matope na chumvi kwa maji baridi, tundika kivulini penye upepo, usilikunje likiwa bichi. Lisianikwe juani mchana kutwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, shikamoo. Mimi navaa baibui na naendesha baiskeli kwenda kufundisha. Poncho litanifaa?*

Marahaba mwalimu. Linakufaa kuliko koti, kwa sababu linapita juu ya baibui bila kulibana. Ila tatizo lako liko chini: cheni na gurudumu la nyuma. Fundi baiskeli akufungie kava la cheni, na pande mbili za gurudumu la nyuma uweke wavu. Baibui ulikusanye kwa lastiki pana juu ya kifundo cha mguu. Kitambaa kikilowa huwa kizito na hunasa haraka.

*Kaka, mimi nina Black Mamba ya mzee, ile baiskeli nzito ya chuma. Nguo ninazo, lakini breki zinaniponyoka mvua ikinyesha.*

Ndugu yangu, swali hili ni zito kuliko koti. Breki za fito za chuma zinazobana rimu ya chuma hupoteza nguvu zikilowa, na mizunguko ya kwanza ya gurudumu hutumika kufuta maji tu. Shika breki mapema, kwa kugusagusa, kabla hujahitaji kusimama. Badilisha mipira ya breki iliyokwisha. Dimbwi usilolijua chini, shuka ukokote. Maji yanayokwenda kwa kasi, subiri.

*Nampeleka mtoto shule kwenye keria. Nimfunike ndani ya poncho langu?*

Hapana, mama. Haoni mbele, anasikia joto, na akivuta pindo linaweza kuingia kwenye spoki. Mpe lake dogo, la rangi kali, na miguu yake iwe na pa kukanyaga mbali na gurudumu.

*Nimepata koti la Gore-Tex la mtumba. Zamani maji yalikuwa yanabingirika juu yake, sasa linayanywa. Nilitupe?*

Usilitupe, ami. Kama ndani ni zima, kilichokwisha ni dawa ya juu tu. Lifue kwa sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, lisuuze sana. Likikauka, lipitishie pasi ya moto mdogo huku umeweka kitambaa kikavu juu yake. Mara nyingi dawa iliyobaki huamka. Usifanye hivyo kwa PVC, litayeyuka na pasi itaharibika.

*Mshono wa bega unavuja na utepe hauna. Kuna dawa?*

Ipo. Kwa haraka, sugua nta ya mshumaa juu ya mshono pande zote mbili. Itakusaidia siku chache. Kwa kudumu, tafuta silikoni ya kuzibia inayobaki laini ikikauka, ipake nyembamba kwa ndani, uliache usiku mzima. Jaribu kwanza mahali padogo, maana kuna vitambaa haishiki. Ukishindwa, lete kibandani siku ya jua, lije likiwa kavu.