Nepi mbili kwa mtoto aliyefungwa hogo la nyonga
Mtoto akishapasuliwa nyonga na kufungwa hogo, ile plasta ngumu (POP) ya kutoka kifuani hadi miguuni, kinachosumbua kuliko vyote ni mkojo. Ukipenya ndani, pamba inaloa, ngozi inachubuka, na harufu haitoki tena. Mvalishe nepi mbili. Ya kwanza iwe ndogo kuliko saizi yake. Kingo zake zichomeke ndani ya uwazi wa plasta, mbele na nyuma. Juu yake funga kubwa ya kuishikilia. Mchana badilisha kila baada ya saa 2, usiku amka angalau mara mbili. Najua unavyochoka mama, lakini amka. Akilala, muinue kichwa na mabega kwa mto ili mkojo ushuke kwenye nepi, usimpandie mgongoni.

Mgeuze mara kwa mara. Usimwagie poda ndani wala usiingize kijiti kumkuna, hata akilia. Ule mti unaounganisha miguu usimnyanyulie hapo, unaweza kuvunjika. Na vidole vya miguu: vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.