Kukimbia na kuendesha baiskeli Kigoma hadi Ujiji: jinsi ya kurudi nyumbani salama

Njia yangu ni kituo cha treni, napanda mlima kwa barabara ya Lumumba hadi mtaa wa Mwanga, kisha moja kwa moja Ujiji. Sehemu kubwa ya njia hiyo tunagawana lami na daladala, bajaji na bodaboda.

1. Fuata jua, usifuate saa. Saa zetu na za Dar ni zile zile, lakini sisi tuko magharibi kabisa, jua linatufikia kama dakika 40 baadaye. Mwezi wa 7 linachomoza saa moja asubuhi imeshapita. Ukitoka saa kumi na moja na nusu, jua kwamba utakuwa gizani muda mrefu.

2. Onekana. Baiskeli iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Mkimbiaji avae kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda. Kabla ya kukitegemea, mwambie mwenzako asimame hatua mia moja akumulike tochi. Asipokuona vizuri, kibadilishe.

3. Shika upande wako. Hapa naomba unisikilize sana. Nilikuwa nakimbia kushoto, magari yakinijia kwa nyuma. Asubuhi moja kioo cha bajaji kilinipiga kiwiko, na nilijua ipo pale iliponigusa. Tangu siku hiyo nakimbia kulia, nayaona yanakuja, na likinisogelea narukia pembeni.

Baiskeli ni kinyume chake: kaa kushoto, uende na magari. Dereva anayetoka njia ya pembeni akikata kushoto hutazama kulia kwake tu. Ukimjia kutoka upande mwingine hana habari nawe. Mkimbiaji naye yumo kwenye hatari hiyo hiyo, kwa hiyo kwenye kila njia panda punguza mwendo. Kama dereva hajakutazama machoni, pita nyuma ya gari lake.

4. Mteremko wa Mwanga kushuka stesheni. Kagua breki ukiwa bado juu. Bana mkono wa breki: mkono huo ukigusa usukani, waya umelegea, ukaze. Tazama na raba. Zikiisha, chuma kitakwangua rimu na baiskeli haitasimama. Anza na breki ya nyuma, ya mbele ifuate taratibu, makalio yako yarudi nyuma ya kiti. Mvua ikinyesha rimu zinateleza, bana mapema mara mbili tatu zikauke. Usijibanze ukingoni kabisa, maana mvua inashusha mchanga unaolala pale pale; acha kama hatua moja.

5. Daladala ikisimama, nawe simama. Abiria wanashukia kushoto, na hapo ndipo baiskeli nyingi hupenya. Ukitaka kuipita, geuka utazame nyuma kwanza, kisha pita kulia.

Spika za masikioni ziache nyumbani. Honi ya bodaboda ndiyo salamu yako.

6. Kurudi. Mimi hugeuzia Ujiji, kwenye kumbukumbu ya pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871. Jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, madereva wanaokuja Ujiji linawapiga usoni, na ukikimbia kulia kurudi mjini ndio hao unaokutana nao. Hapo kizibao hakisaidii kitu. Kwa nusu saa hiyo nashuka kwenye udongo, lami nawaachia, hadi jua lipande juu ya vioo vyao.