Ukaazi wa Kudumu Marekani kwa Mwenye Biashara Dar es Salaam
Ndugu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani unayesimamia duka au kiwanda Dar es Salaam, usidhani kwamba kuingia Marekani mara moja kwa mwaka na kugeuza kunatosha kuulinda ukaazi huo, kwa maana afisa wa uhamiaji hahesabu siku peke yake, bali hutazama pia kama makazi yako ya kweli bado yako huko. Ukijua kwamba biashara itakuweka nje kwa mwaka mmoja au zaidi, omba kibali cha kurejea kwa Fomu I-131 kabla ya kusafiri, kwani ombi hilo huwasilishwa ukiwa ndani ya Marekani, na kibali chenyewe kwa kawaida hudumu miaka 2. Jambo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona zito kuliko yote, ni kodi: wasilisha ritani ya kodi Marekani kila mwaka kama mkaazi, ukitaja na mapato ya Tanzania, kwa sababu kujitangaza kuwa si mkaazi kunaweza kuchukuliwa kuwa umeuacha ukaazi wako. Tunza pia mkataba wa nyumba na taarifa za benki za Marekani, ziwe ushahidi kwamba makazi yako bado yako huko. Kibali cha kurejea, hata hivyo, hakizuii safari ya mwaka mzima kukatiza muda unaohesabiwa kwa ajili ya uraia.