Kurekebisha Upepo wa Tairi Upate Usukani Unaoupenda

Pima upepo tairi zikiwa baridi, yaani baada ya gari kusimama kwa saa 3 au zaidi, kisha ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ambacho hupaswi kushuka chini yake. Ukitaka usukani uitikie upesi zaidi, ongeza PSI 2 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo) katika tairi zote mbili za mbele, uendeshe kwenye barabara uliyoizoea, ndipo uamue kama kuna haja ya kuongeza tena. Ukizidisha, gari litarukaruka kwenye mashimo na tairi zitalika upesi katikati. Kwa maoni yangu, hasara hiyo huanza mapema kuliko madereva wengi wanavyodhani. Nambari ya PSI iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha upepo, wala si pendekezo.