Kabla hujamuuzia mtu mboga zako, piga hesabu hii

Watu wengi tukisikia bei ya soko la jumla tunaona dalali anayenunua shambani anatuibia tu. Wakati mwingine kweli anakuibia, ila piga hesabu kwanza.

Chukua kilo 100 za nyanya. Dalali anakuja shambani anazoa zote kwa 10 kila kilo (weka hela yoyote unayotumia), una 1,000 mkononi. Sokoni bei ni 16, sasa unapakia mwenyewe, njiani kilo 15 zinapondeka, unauza 85, unapata 1,360. Toa usafiri 250, ushuru na kreti 80, kamisheni ya dalali wa sokoni asilimia 10 yaani 136, unabaki na 894. Umehangaika usiku kucha na umepata kidogo kuliko aliyelala!

Ila mkikodi gari wakulima kadhaa, usafiri ukashuka mpaka 120 kwa mzigo wako, unabaki na 1,024. Kwa hiyo usiulize bei ya kilo peke yake, uliza kwa kila kilo niliyovuna nabaki na ngapi.

Mchicha na mboga za majani ndo balaa zaidi maana zinanyauka siku hiyohiyo na mnunuzi anajua huwezi kurudi nazo, so tafuta mteja kabla hujavuna, vuna alfajiri, weka kivulini. Kitunguu kikikaushwa vizuri kinasubiri bei, hapo unaweza kuringa kidogo. Na kama dalali ndo alikukopesha mbegu na mbolea, bei alishaipanga yeye siku ile ile, tafuta namna ya kulipa hilo deni kwanza.

Sasa mlaji. Muuza rejareja akinunua kilo 100 kwa 20 kila kilo halafu kilo 20 zikamuozea, lazima auze kilo kwa 25 ndo arudishe mtaji tu, bado hajala. Yaani zile zilizooza unazilipia wewe. Pia bei ya jumla ikipanda genge linapandisha kesho yake, ikishuka wanajifanya hawajasikia, so ulizia bei ya jumla mara kwa mara halafu bargeni ukiwa unaijua. Mkiwa majirani watatu wanne changeni mnunue kreti zima sokoni mgawane, ila hakikisheni mnaimaliza kabla haijaoza, la sivyo mmebeba hasara ya muuza genge bila faida yake.