Mambo ya kuweka sawa kabla mwanamume hajaenda kumwona mshauri nasaha Mombasa

Kuamua kwenda kwa mshauri, iwe kwa ugomvi na mke au kwa huzuni isiyoisha, ni jambo moja. Kuna wanaume wanaokwenda kikao cha kwanza na hawarudi tena, na ukiwauliza utakuta ni mambo ambayo yangetengenezwa kabla hawajatoka nyumbani.

Kubwa ni siri. Kisiwani kila mtu ni jamaa ya mtu. Ukishuka tuktuk mbele ya kliniki pale Mji wa Kale saa nne asubuhi, adhuhuri haijaadhiniwa maskani wana habari. Basi wa Majengo na atafute Nyali au Bamburi, na wa Likoni avuke feri. Vikao vya simu pia vipo, ila fikiria utaongelea wapi, maana nyumba ya vyumba viwili yenye watoto haina faragha. Mshauri mwenyewe anapaswa kuficha unayomwambia, lakini si yote: ukiwa katika hatari ya kujiua, ya kumdhuru mtu, au kuna mtoto anayedhulumiwa, huenda ikambidi kuhusisha wengine. Muulize mipaka hiyo kabla hujafungua moyo. Na akianza kukusimulia visa vya wateja wengine, hata bila kutaja majina, chukua kofia yako uondoke.

Jua pia unamwendea nani. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo; ikihitajika dawa, ni kazi ya daktari. Sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia, kwa hivyo kuomba kuona leseni si utovu wa adabu. Sheikh au mchungaji ana nafasi yake, na kadhi ana yake, lakini huzuni inayokunyima usingizi wiki baada ya wiki yahitaji mtu aliyeisomea.

Kabla ya miadi, pima sukari na shinikizo la damu. Ugomvi mwingi wa chumbani huanzia kwenye nguvu za kiume zilizopungua, na kisukari, presha, hata baadhi ya dawa za presha zenyewe, huweza kuzipunguza. Mwenye tatizo hukimbilia vichupa vya barabarani, mke naye anaamini kuna mwanamke mwingine. Kipimo kidogo kingewapunguzia maneno. Na kama watafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, sema. Muguka hufukuza usingizi na kukoroga hasira, na mshauri asiyeambiwa atahangaika na kisichokuwepo.

Sasa maneno yenyewe. Sisi tukiulizwa hali twajibu "njema" hata nyumba ikiwa inaungua. Kwa hivyo andika kwenye simu, siku mbili tatu kabla: mara ya mwisho mlipogombana ilikuwaje, wewe ulisema nini, ulifanya nini, na ungetaka nini kibadilike. Kuanza na "mke wangu amebadilika" kunakufikisha dakika tano tu, kisha kimya. Kama huna jina la unachohisi, sema mwili unavyofanya: kifua kinabana, mikono inatetemeka, chakula hakipiti. Hayo yanatosha kuanzia. Usiende ukitarajia hukumu, kwamba mshauri atamwita bibi amwambie mwenye makosa ni yeye. Na ikiwa mkono umeshainuka nyumbani, msianze kwa kikao cha wawili. Kila mmoja aonwe peke yake kwanza, kwani aliyepigwa hawezi kusema kweli mbele ya aliyempiga.

Bei uliza kwa simu mapema, pamoja na urefu wa kikao, ambao kwa kawaida ni kama saa moja. Uliza na kama bima yako inalipa.

Wanaowaza kujiua wasingoje miadi. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au nenda hospitali iliyo karibu. Wengine huficha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume na Katiba Januari 2025.

Mwisho, usipange kikao saa chache kabla ya zamu ya usiku bandarini. Kikao cha kwanza huchosha kuliko watu wanavyodhani, na winchi haitaki mtu ambaye akili yake imebaki kwenye kiti cha mshauri.