Kagua kitanda cha mtumba kabla hakijavuka kizingiti
Kunguni hana mabawa ya kurukia, hivyo huingia nyumbani kwa kubebwa, na mzigo unaostahili kutiliwa shaka kuliko yote ni kitanda au kochi lililokwisha kutumiwa na watu wengine. (Godoro lililotumika, kwa maoni yangu, ni afadhali kuliacha huko huko.) Kabla ya kulipa, kipindue kitanda, umulike kwa tochi matundu ya skrubu, maungio ya chaga na nyufa za mbao, kisha upitishe ukingo wa kadi ngumu ndani ya nyufa hizo, kwa kuwa kunguni mkubwa, ingawa ana urefu wa takriban milimita 5, ni bapa kiasi cha kujibana mahali ambapo kadi hiyo hupenya. Madoa madogo meusi yanayosambaa kama wino yakifutwa kwa kitambaa chenye maji ni kinyesi chake, na ukiyaona, bei nafuu isikushawishi. Wala usimsikilize muuzaji anayesema kwamba kochi limekaa stoo muda mrefu, maana kunguni huweza kuishi miezi kadhaa bila kunyonya damu. Nguo zitokazo safarini zifuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60, na begi lisiwekwe kitandani.